Sheria ya Mahindi Haina Mpaka

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu kuvu. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji shurti aandikishwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha ya kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Huenda mkulima wa Moiben akadhani jambo hili lawahusu wageni tu. Sivyo. Kipimo hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, nacho hakiulizi gunia limetoka wapi. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa mashariki wa Kenya.

Kuvu hupenda unyevu, na kanuni yataka usizidi asilimia 13.5. Basi yafaa mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, wala yasitiwe ghalani kabla hayajakauka. Angojeaye bei nzuri huku mahindi yake ni mabichi, aweza kukosa bei na mahindi pia.