Massey ya zamani na gia isiyoshika mteremko

Mnunuzi wa trekta kuukuu huanza na injini. Huomba liwashwe, hutazama rangi ya moshi, hufungua kifuniko cha oili aone kama injini inapumua, kisha hulizunguka akigonga matairi na kuuliza bei ya mwisho. Giaboksi huulizwa swali moja tu: gia zote zinaingia? Zikiingia, maongezi huhamia kwenye fedha.

Kwenye tambarare ya Usangu pengine swali hilo linatosha. Kasulu na Kibondo mambo ni mengine. Huku ni nyanda za juu za Buha, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, vijiji vimekaa migongoni mwa vilima na mashamba yanashukia mabondeni. Walimaji wengi bado wanashika jembe la mkono, kwa hiyo trekta likipatikana halipumziki: asubuhi linavuta plau, mchana linafungwa tela la matofali, jioni linabeba mahindi. Na kila kilima lilichopanda lazima likishuke. Hapo ndipo aina ya giaboksi inapoacha kuwa habari ya mafundi peke yao.

Mfano mzuri ni Massey Ferguson 135. Ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1970. Ina injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, na nguvu za farasi 45 hivi. Ni ndogo, haina makuu, na fundi wa chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuifunga. Ndiyo maana mpaka leo inauzwa na kununuliwa Afrika Mashariki nzima. Tatizo ni kwamba 135 mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, boneti jekundu kwa boneti jekundu, zinaweza kuwa na giaboksi tofauti kabisa tumboni.

Zote zina mikono miwili ya gia. Mfupi huchagua kati ya upande mzito na upande mwepesi. Mrefu huchagua gia yenyewe. Kama mrefu una gia tatu na rivasi, hesabu inakuwa sita za mbele na mbili za nyuma. Kama una nne na rivasi, ni nane na mbili. Aina ya tatu ndiyo yenye mambo. Mikono yake ni ileile ya gia tatu, ila kwenye dashibodi, karibu na usukani, kuna kiswichi kidogo cha kugeuza juu au chini. Kiswichi hicho huzidisha kila gia mara mbili, jumla kumi na mbili za mbele na nne za nyuma. Massey Ferguson waliiita Multi-Power na kuianzisha mwaka 1962 kwenye matrekta ya 35 na 65, kabla ya 135 kuzaliwa.

Utamu wake ni kwamba dereva hakanyagi klachi. Plau likikutana na udongo mgumu, anageuza kiswichi, trekta linapunguza mwendo na kupata nguvu bila kusimama. Udongo ukilainika, anarudisha. Kwa mlimaji wa miaka ya 1960 hiyo ilikuwa raha.

Wazo la gia ya ziada halikuanzia hapo. Matrekta ya zamani yalikuwa na gia chache mno: Ford 9N ya mwaka 1939 ilikuwa na tatu za mbele, Ferguson TE20, iliyotengenezwa zaidi ya nusu milioni kati ya 1946 na 1956, ilikuwa na nne. Kati ya gia na gia pakabaki pengo, hasa kwa kazi inayotaka injini izunguke kwa nguvu huku matairi yakitambaa. Makampuni mengine yakaingia kuuza giaboksi ndogo za kupachika. Sherman wa Marekani walitengeneza za Ford za aina tatu: ya kuongeza mwendo, ya kupunguza, na inayofanya yote mawili. Howard, watengenezaji wa rotaveta, walikuwa na zao za kupunguza. Mtu akikuta kwenye trekta la umri huo kamkono kadogo ambako hakamo kwenye kitabu, aanze kushuku kifaa cha namna hiyo.

Tofauti ni kwamba vile vya kupachika vilikuwa na meno yanayoshikana. Multi-Power haishiki hivyo. Upande wa juu unashikwa na klachi inayobanwa kwa presha ya oili, na hapo injini na matairi vimefungamana. Upande wa chini hauna presha hiyo. Nguvu hupita kwenye kifaa kinachofanya kazi kama frewili ya baiskeli. Injini inaweza kuyasukuma matairi, lakini matairi yakitaka kwenda mbio kuliko injini, yanateleza yenyewe. Kila mtu aliyeshuka kilima na baiskeli bila kupiga pedali anaijua hali hiyo. Wamarekani wa kampuni ya International walishaikubali tangu 1954, kwenye trekta la Super M-TA lenye kifaa cha kuongeza nguvu ambacho nacho, kikiwa upande wa chini, hakizuii trekta kwenye mteremko.

Sasa fikiria dereva anayeshuka na tela la tofali mbichi. Ameweka gia namba moja, upande mzito, na kwa kuongeza tahadhari amegeuza kiswichi chini. Kwenye matrekta mengi mengine hiyo ndiyo busara. Kwenye Multi-Power amejiondolea breki ya injini. Kinachobaki ni pedali mbili za mguu wa kulia, moja kwa kila tairi la nyuma, na zisipounganishwa kwa kifungo chake dereva anaweza kubana upande mmoja na kulitupa trekta mtaroni. Oili sili ya ekseli ikiwa inavuja, breki zenyewe zimeloa. Tela halina breki. Utaratibu sahihi ni kinyume cha alichofanya: gia ndogo kwa mkono, kiswichi juu, na mguu usiguse klachi mpaka bondeni.

Balaa zaidi ni Multi-Power iliyokufa. Sili zikichoka, au pampu ikidhoofu, presha ya oili inashuka na upande wa juu unaanza kuteleza. Mwenye trekta, akiona kiswichi hakina kazi, anakiacha kikaning'inia au anakitoa na kuziba tundu. Trekta linaendelea kulima kwa upande wa chini, na huo ndio upande wa frewili. Mnunuzi anayefuata haoni kitu cha kumshtua. Mazungumzo huwa kama haya:

"Hii haina Multi-Power, fundi. Iling'olewa zamani."

"Swichi ndiyo iliyong'olewa, mzee. Yenyewe imo."

Fundi anayesema hivyo ana njia za kuhakikisha, na hazihitaji kufungua hata nati moja. Maandishi ya kwenye kirungu cha gia asiyaamini peke yake, kwa sababu kirungu hubadilishwa na cha sasa huenda kilitoka kwenye Fuso. Ahesabu mwenyewe, injini ikiwa imezimwa, mkono mrefu unaingia nafasi ngapi. Zikiwa nne na rivasi, hofu inaisha. Zikiwa tatu na rivasi, achungulie dashibodi atafute tundu lililozibwa, kisha ubavu wa giaboksi aone kama pana mabaki ya kiungo kilichokuwa kikishuka kutoka juu.

Halafu lije jaribio la tambarare. Trekta lizimwe, liwekwe gia ya mbele, klachi iachiwe, breki zisiguswe, na vijana wanne walisukume kwenda mbele. Giaboksi ya gia sita za kawaida itagoma, kwa sababu matairi yanalazimika kuizungusha injini. Multi-Power itakwenda. Wasukume kurudi nyuma, nayo itagoma, maana upande huo frewili inashika.

Jaribio hilo linaeleza pia malalamiko mawili yanayosikika kuhusu Massey hizi. La kwanza, haiwaki kwa kusukumwa. Betri ikifa, watu huiachia kilimani wakitegemea mteremko uizungushe injini, na injini haizunguki hata kidogo. La pili, iliegeshwa kwenye gia ikaondoka yenyewe. Injini ikizimwa presha ya oili hupotea, kwa hiyo popote kiswichi kilipokuwa, trekta lililoelekea bondeni kwenye gia ya mbele linaweza kutembea. Breki ya kuegesha na kabari chini ya tairi si hiari.

Akishajua anachonunua, mtu anaweza kupiga hesabu. Vipuri vya Massey hizi havijaadimika, kwa kuwa TAFE wa India na Millat wa Pakistan wameendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo kwa miongo mingi; ila vipuri vya giaboksi ya gia nane haviingii kwenye Multi-Power, na anayeagiza kwa kutaja "135" tu anacheza bahati nasibu. Kuitengeneza kunataka trekta lipasuliwe katikati. Halina chasisi, injini na giaboksi ndizo mifupa yake, kwa hiyo kila kipande kinategemezwa na kabari zinapigwa juu ya ekseli ya mbele injini isije ikapinduka. Wengine, wakishafika hapo, huamua kuweka giaboksi nzima ya gia nane na kuachana na Multi-Power.

Mwenye shamba la bondeni asiyebeba mizigo anaweza kuichukua ilivyo, akashusha bei, akalima nayo miaka. Anayetaka kushusha tofali kutoka Heru Juu, huko Kasulu, aweke gharama ya giaboksi hiyo ndani ya bei kabla hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba.