Nilipopanda Taita Kupeleleza Posa

Posa ilipoletwa, watu wote nyumbani walinyamaza wakanitazama mimi. Msichana ni binti wa marehemu kaka yangu, na kwa kuwa babake hayupo, walii wake ni mimi. Mposaji ni kijana Mwislamu, ana kazi yake, na mjini hapa hana sifa mbaya. Kilichowatia watu wasiwasi ni kwao alikotoka: Taita, milimani huko juu ya Wundanyi.

"Kule watu hawalali usiku," akasema shangazi yangu. "Wao na nyungo zao, angani."

Wengine tulicheka. Yeye hakucheka. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa habari hii, kwani tangu utotoni tumesikia barazani ya kuwa Mtaita ni mchawi, na mimi mwenyewe nimeisimulia mizaha hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Siku ile, hata hivyo, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. "Ami," akaniambia, "basi nenda ukaone mwenyewe."

Nikapanda basi hadi Voi, kisha matatu inayopitia Mwatate. Kutoka hapo barabara huanza kujizongazonga na mlima, na kila kona joto hupungua. Nilikuwa nimevaa kanzu nyepesi ya Mombasa. Nilipofika juu meno yalikuwa yakigongana, na kilele cha Vuria, chenye urefu wa mita 2,208, kilikuwa kimejifunika ukungu. Pande zote ni mashamba ya ngazi yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, ya kabeji na maharagwe. Mboga kama hizo tumezila Mombasa miaka na miaka bila kuuliza zimetoka kwa nani.

Ami wa kijana, mwalimu mstaafu, alinipokea kwa koti lake mwenyewe. Tulisali adhuhuri pamoja, tukaletewa kimanga, yaani mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe. Kisha akaanza kujivuna, na alijua kujivuna! Akanionyesha msitu wa fighi, waliouheshimu wazee kama mlinzi wa nchi yao, ambamo haikuruhusiwa kukata mti ovyo. Akanieleza juu ya ndege mweusi kichwani, mwenye mdomo wa rangi ya machungwa, ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima hii. Akaniambia pia kwamba watu wa bonde la pili hawajui kukisema Kidawida sawasawa, na Wasagalla, walio juu ya Voi, lugha yao ni nyingine kabisa. Nilitabasamu. Kumbe hata huku juu wana wao wa kuchekwa!

Nikapata ujasiri wa kuuliza juu ya uchawi. Hakukasirika. Alinipeleka chini ya mwamba, na ndani ya pango nikaona mafuvu ya watu yamepangwa safu. Hapo zamani, akasema, mzee akizikwa kaburi lilifukuliwa baada ya muda, fuvu likaletwa pangoni likae na wazee wa ukoo wake. "Mgeni akipita akaona hivi," akasema, "akirudi kwao atasimulia nini?"

Desturi hiyo si yetu, wala dini haituruhusu kuchezea makaburi. Lakini nilipotaka kusema neno, nilikumbuka Mnara wa Mbaraki, hapo hapo kisiwani Mombasa, na chupa za marashi na ubani ambao watu wetu hupeleka pale kwa siri. Nikafunga mdomo.

Tuliporudi nyumbani zamu ya kuulizwa ikawa yangu. "Na huyo binti yenu, mzee, hana jini? Sisi tunasikia kila mwanamke wa pwani ana lake, na waume zao hushinda mkekani mchana kutwa." Damu ilinipanda. Binti yangu anaamka kabla ya adhana ya alfajiri akaenda kazini!

Mkewe, aliyekuwa akipeta maharagwe, ndiye aliyenyamazisha mambo. Yeye asili yake ni Kasigau, mlima ulio peke yake kusini ya Voi. Katika vita vikuu vya kwanza, mwaka 1915, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwasaidia Wajerumani; wakawachomea nyumba, wakawahamishia Malindi. Watu waliozoea baridi ya mlimani waliwekwa kwenye joto na homa za pwani, na wengi walifia huko. Waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi mlimani kwao. "Nyanya yangu akisikia jina la Malindi alikuwa akiacha kula," akasema, akaendelea kupeta.

Kwangu mimi Malindi ni halua na harusi za jamaa. Sikuwa na la kumjibu.

Jioni tulizungumza mahari, tukaelewana. Nikaha tumeiweka baada ya Idi, inshallah. Asubuhi, nilipokuwa nikiondoka, mama yule alinijazia maharagwe katika ungo ule ule, akaufunga kwa leso, nami nikaupakata kutoka Wundanyi mpaka Mombasa huku abiria wenzangu wakinitazama kwa pembe za macho.

Shangazi aliyapokea maharagwe, akayapika kwa nazi, akayasifu. Ungo ameutundika nje, nyuma ya jiko, nao umefungwa kwa kamba, mafundo mawili.