Leith: Mji wa Bandari na Watoto Wanaoondoka

Ukumbi umejaa jamaa na majirani. Wenye sherehe wanatimiza miaka 25 ya ndoa yao, na katikati ya furaha hiyo kijana aitwaye Ally, askari aliyerejea karibuni kutoka vita vya Afghanistan, anapiga goti mbele ya kadamnasi na kumposa Liz, binti wa nyumba hiyo. Watu wote wanangojea neno moja tu. Liz anampenda kijana huyu, wala hana kinyongo naye, lakini neno analolitoa silo lililongojewa. Anakataa. Usiku huohuo mama yake Liz anaikuta barua katika koti la mumewe, na kwa barua hiyo anatambua kwamba mumewe ana mtoto mwingine, msichana aliyekwisha kuwa mtu mzima, ambaye mamaye si yeye.

Hicho ndicho kiini cha Sunshine on Leith, tamthilia ya nyimbo kutoka Uskoti iliyoandikwa na Stephen Greenhorn. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007 katika ukumbi wa Dundee Rep, kisha mwaka 2013 ikafanywa filamu iliyoongozwa na Dexter Fletcher. Nyimbo zake ni za ndugu wawili mapacha, Craig na Charlie Reid, wanaojulikana kwa jina la The Proclaimers. Ndugu hao hawakuzitunga kwa ajili ya tamthilia. Zilikuwa zimekwisha kuimbwa kwa miaka mingi katika redio na majumba ya watu, ndipo mwandishi alipozikusanya na kuzifumia kisa.

Wazungu huiita aina hii ya mchezo kwa jina la lile sanduku kubwa la santuri lililokuwa likiwekwa mikahawani: mtu hutia sarafu, akachagua wimbo aupendao, na sahani ikaanza kuzunguka. Msomaji wetu wa pwani hahitaji maelezo marefu zaidi ya hayo. Nani hajaona harusini wimbo wa taarabu wa zamani, uliotungwa kwa kisa cha watu wengine kabisa, ukamwinua bibi fulani kitini kwenda kutuza, na waliosalia wakatazamana kwa kuwa wanajua umemgusa wapi? Wimbo ni uleule. Aliyesimama ndiye aliyeupa maana mpya, na tamthilia za namna hii hujengwa juu ya jambo hilohilo.

Mji wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu bila ya mji huo kisa hiki kingekuwa cha mapenzi matupu. Leith ni bandari ya Edinburgh, mahali ambapo mto mdogo huingia katika hori ya Forth. Kwa karne nyingi shehena za Uskoti zilipitia hapo, na Malkia Mary aliporejea kutoka Ufaransa mwaka 1561, hapo ndipo aliposhukia. Ulikuwa mji wenye baraza lake mwenyewe hadi mwaka 1920, ulipounganishwa na Edinburgh ilhali wakazi wake, walipoulizwa kwa kura, walikuwa wamekataa kwa wingi mkubwa. Mwaka 1984 kiwanda cha kuundia meli cha Henry Robb kilifungwa, na ufundi uliokuwa ukirithiwa na watoto kutoka kwa baba zao ukakosa pa kufanyiwa. Miaka minne baadaye mapacha wa Reid, ambao wenyewe walizaliwa Leith mwaka 1962, walitoa albamu iliyobeba jina la mji huo. Tamthilia imelichukua jina lake huko.

Jambo moja kuhusu mapacha hao, kabla hatujarudi ukumbini. Walipoanza kujulikana mwaka 1987, waimbaji wengi wa Uingereza walikuwa wakiimba kwa matamshi ya Kimarekani. Wao waliimba kwa lafudhi ya kwao, kavu na nzito, na hata mmoja wa nyimbo zao za mwanzo unawasimanga wale waliowataka wayaache matamshi yao. Mtoto wa Lamu aliyewahi kuchekwa darasani kwa kusema "ndoo" badala ya "njoo" atawafahamu watu hawa bila ya mkalimani.

Niliitazama filamu hii nyumbani pamoja na mama yangu mdogo, ambaye Kiingereza chake ni kichache, na cha Uskoti hakimpitii kabisa. Ilinibidi nimfasirie. Tulipofika mahali pa posa ya hadharani alikasirika kabla sijamaliza kufasiri. "Mbele za watu wote hawa? Na wazee hawakuulizwa?" Nikamwambia kwamba huko ndivyo vijana wengi wafanyavyo. Akasema kwamba basi msichana amewekwa penye dhiki, kwa kuwa akikubali ni kwa haya, na akikataa anamwaibisha mwenzake. Nadhani amelisema jambo ambalo filamu yenyewe inalionyesha vizuri. Ally si mtu mbaya. Amefanya jambo la moyoni mwake bila ya kuuliza la moyoni mwa Liz.

Na la moyoni mwa Liz ni kuondoka. Yeye ni muuguzi, amekulia katika mitaa hiyohiyo, na anataka kuona pengine. Vijana wawili waliotoka vitani, Ally na rafikiye Davy, nduguye Liz, wamerudi wakiwa na kiu ya nyumbani. Wameona wenzao wakiuawa, na mwenzao mmoja aliye hai amerudi bila miguu. Kwao Leith ni mahali pa salama: meza ya mama, barabara wanayoijua, kazi yoyote itakayopatikana. Davy anapata kazi ya kupokea simu siku nzima na hanung'uniki sana. Kwa Liz, meza hiyo na barabara hiyo ni vitu ambavyo hajawahi kuvikosa hata siku moja, basi atavitamani vipi?

Hapo mama mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyu karudi, ndipo anapotaka kukaa. Na huyu je, atarudije na hajaondoka?"

Hakuyasema hayo kama mtu anayetazama filamu. Binti yake wa pili ni muuguzi, na tangu mwaka juzi yuko Uingereza. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na wasichana wengi wenye vyeti lakini wasio na ajira wakaanza kuulizana habari za mitihani ya Kiingereza na gharama za visa. Huyu wetu alikwisha kuletewa posa. Kijana alikuwa mwema, wa watu wanaojulikana, na kila mmoja katika ukoo aliona kwamba jambo limekwisha. Yeye aliomba asubiriwe miaka miwili. Upande wa pili haukusubiri, na haikuwa lawama kwao. Lakini mama mdogo alilala na neno hilo kwa miezi, akijiuliza iwapo alipaswa kumlazimisha, na majirani hawakumsaidia kulisahau.

Katika mchezo huu Liz anapoondoka, anakwenda Marekani, Florida, na wimbo unaoimbwa ni ule wa barua kutoka Amerika. Mapacha waliutunga miaka ya 1980 wakiwafananisha Waskoti wa zamani waliohamishwa katika ardhi zao wakavuka bahari na wale wa zama zao waliofungiwa viwanda. Ulikuwa wimbo wa malalamiko juu ya nchi inayopoteza watu wake. Ukiwekwa mahali hapa, unakuwa wa nyumba moja na msichana mmoja mwenye sanduku lake. Hiki ndicho kipande bora kabisa cha tamthilia, kwa maoni yangu, kwa sababu hakimlaumu anayeondoka wala hakiwacheki wanaobaki.

Mambo ya wazazi yamenikalia vibaya kidogo. Rab, mume mwenye barua, anapatwa na maradhi ya moyo, na Jean, mkewe, anakaa kando ya kitanda hospitalini na kuimba ule wimbo uliobeba jina la mchezo. Ni wimbo wa shukrani, wa mtu aliyevunjika moyo na mwenzake akauponya. Katika kinywa cha mke aliyefichwa jambo kwa miaka zaidi ya ishirini, kila neno lake linabadilika, na mwigizaji Jane Horrocks analiimba kama mtu asiyejua bado kama anasamehe au anaaga. Watu wa Leith huuhesabu wimbo huo kuwa wao. Mwaka 2016 klabu ya soka ya Hibernian, ambayo kiwanja chake kiko huko, ilipolipata Kombe la Uskoti baada ya kulikosa kwa miaka 114, maelfu ya mashabiki waliuimba uwanjani pamoja. Yote hayo ni kweli, na bado naona maradhi yameletwa kumwokoa mume asijibu maswali. Mke akikukuta na barua kama ile, ana haki ya kuuliza ukiwa mzima. Naye yule binti aliyezaliwa pembeni, Eilidh, ambaye amefiwa na mamaye na sasa anamtafuta baba, hapewi nafasi kubwa ya kusema lake. Mama mdogo alimwulizia mara mbili. "Na yule mtoto? Ameishia wapi?" Sikuwa na jibu la kumtosha.

Mwisho ni wa shangwe. Davy amempenda Yvonne, muuguzi Mwingereza na rafiki wa Liz, na katikati ya Edinburgh umati mkubwa unacheza na kuimba ule wimbo wa maili mia tano unaojulikana dunia nzima. Ni vigumu kutotabasamu. Ila Ally hayumo katika furaha hiyo. Aliyemtaka ameondoka, na yeye amerejea jeshini, kule kule alikokuwa amenusurika. Hilo lapita upesi sana, na anayetazama kwa ajili ya nyimbo huenda asilitambue.

Kwa wazazi wanaopenda kujua kabla: vijana wa humo hukutana sana katika baa, na mapenzi yao huonyeshwa kwa namna ambayo nyumba nyingi za kwetu hazitaki kuketi nayo mbele ya wadogo. Sisi tuliitazama watu wazima peke yetu, tukiruka tulipopenda kuruka.

Filamu ilipokwisha, mama mdogo aliniomba nimrudishie pale Liz anapoondoka. Safari hii sikumfasiria, naye hakuniuliza. Kisha akataka kujua Uingereza ni saa ngapi wakati huo, kwani binti yake alikuwa zamu ya usiku na hakutaka kumpigia kabla hajatoka kazini.