Taka za Plastiki Zaweza Kuwa Kabro, Nguzo na Hata Jahazi

Mto Tana unapofurika, maji hayaji Wenje na matope pekee. Huja na mifuko, chupa na ndoo zilizopasuka. Nyingine hukwama mashambani, nyingine huteremka hadi Kipini na kuingia baharini. Mbuzi au ng'ombe akimeza mfuko, tumbo haliwezi kuusaga. Hukonda na hata kufa malisho yakiwepo.

Taka hizo zina kazi. Jijini Nairobi, mhandisi Nzambi Matee alianzisha Gjenge Makers, kampuni inayotengeneza kabro kwa plastiki na mchanga. Mwaka wa 2020 alituzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP. Plastiki husagwa, huchanganywa na mchanga, hupashwa moto kwenye mashine, kisha hushindiliwa kwa nguvu. Mchanga huleta ugumu. Plastiki hushika chembe zake mahali pa saruji. Kushindilia huondoa hewa, ndiyo maana kabro hizo hazivunjiki upesi.

Kampuni ya EcoPost, iliyoanzishwa na Lorna Rutto mwaka wa 2009, hutengeneza nguzo za ua zisizooza wala kuliwa na mchwa, na hivyo kuokoa miti. Majirani zetu wa Lamu nao waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki na ndala zilizookotwa. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwaka wa 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Si kila plastiki hufaa pamoja. Mitungi ya mafuta ya kupikia huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, ilhali chupa za maji na soda huhitaji takriban 250. Zikichanganywa, bidhaa huwa dhaifu. Kwa hiyo kazi huanzia nyumbani:

• Tenga taka zinazooza na zisizooza, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022.
• Weka chupa za maji peke yake. Mitungi na ndoo peke yake.
• Osha, kausha na uhifadhi mbali na mifugo na kingo za mto.
• Usiyeyushe wala kuchoma plastiki nyumbani. Moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto.

Mtungi uliotengwa leo hautafika mtoni mafuriko yajayo.