Shada la Majilio kwa Magugu ya Ziwa

Shada la Majilio ni duara la matawi au majani linalolazwa mezani pamoja na mishumaa minne, ambayo huwashwa mmoja baada ya mwingine katika Dominika nne zinazoitangulia Noeli, hivi kwamba kadiri sikukuu inavyosogea ndivyo na mwanga unavyozidi. Majilio ni kipindi cha kumngojea Kristo katika kalenda ya Kanisa, nacho huanza Jumapili inayoangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Katika maduka ya katikati ya Jiji la Mwanza mashada ya msimu huu huuzwa yakiwa ya plastiki ya kijani, yenye sura ya misonobari iliyomwagiwa theluji, na mkazi wa Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, anaweza kununua moja, akalitundika na kulisahau. Ipo njia nyingine, ndefu zaidi na yenye faida zaidi, nayo ni kulisuka shada nyumbani kwa vitu vinavyopatikana kati ya ufuko wa Luchelele na mashamba ya pamba ya Misungwi.

Desturi yenyewe si kongwe kama wengi wanavyodhani. Huhusishwa na Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyewalea watoto maskini katika makao yaitwayo Rauhes Haus mjini Hamburg, Ujerumani. Inaelezwa kwamba mwaka 1839, kwa kuwa watoto hawakuacha kumuuliza Krismasi itafika lini, alichukua gurudumu la zamani la mkokoteni, akalipangia mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi na minne mikubwa myeupe kwa siku za Jumapili, akawaacha wahesabu wenyewe. Matawi ya kijani yaliongezwa baadaye, na mishumaa ikapunguzwa hadi minne. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walipofungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mkolani, mwaka 1883, shada hili lilikuwa bado ni jambo la Waprotestanti wa Ujerumani, kwani Wakatoliki walianza kulipokea katika karne ya 20. Anayedhani kwamba shada lisilo na msonobari si shada halisi akumbuke kwamba lile la kwanza halikuwa na jani hata moja.

Ujani ulioongezwa baadaye ulikuwa na sababu yake huko ulikoanzia. Desemba ya Ulaya ya Kaskazini ni ya baridi kali, miti mingi imekwisha kupukutisha majani, na msonobari unaobaki kijani huonekana kuwa ushahidi kwamba uhai haujakatika. Mkolani mambo ni kinyume: mvua zimekwisha kuanza, nyasi zimejaza kila nafasi kati ya majabali, na mwenye nyumba akitandaza matawi ya kijani mezani hajaonyesha jambo lolote ambalo dirisha halionyeshi. Kitu adimu katika Kanda ya Ziwa mwezi huo ni kikavu, yaani bua, suke na pamba vilivyohifadhiwa tangu kiangazi, ambavyo huyaleta mezani mavuno yaliyopita wakati shamba jipya ndiyo kwanza linapaliliwa. Shada la namna hiyo hutazama nyuma na mbele kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo Majilio yanavyofundishwa, kwa kuwa hukumbuka ujio wa kwanza na kuungojea wa pili. Ipo na sababu ya kivitendo: hewa ya Novemba ina unyevu mwingi, na chochote kitakachoanikwa wakati huo kitaota ukungu kabla ya kukauka, hivyo kazi hii huanza Agosti, au mwanzoni mwa Septemba kwa waliochelewa.

Maua mabichi nayo yana tatizo lake la kijamii. Katika sehemu kubwa ya Tanzania duara la maua huonekana zaidi mazishini, pale mwongozaji wa ratiba anapoyaita makundi ya wanafamilia, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu waje kuweka mashada kaburini. Likining'inizwa mlangoni bila maelezo, si ajabu jirani akafika na mkeka na kutoa pole.

Malighafi ya msingi ni magugu maji, mmea unaoelea, wenye maua ya zambarau, ambayo kwa bahati njema ndiyo rangi ya Majilio. Asili yake ni bonde la Mto Amazon, Amerika ya Kusini. Ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, Mto Kagera ukaendelea kuuingiza, na kufikia mwaka 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 20,000, kabla ya kupunguzwa na fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wadogo walioletwa makusudi ili waushambulie, wakisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998. Ulipungua lakini haukwisha, na mialo ya Ghuba ya Mwanza huendelea kusumbuliwa nao. Upande wa Kenya, mafundi wa Kisumu wamekuwa wakisuka vikapu na samani kwa mabua yake, jambo linaloonyesha kwamba ugumu haumo katika mmea bali katika maandalizi.

Sehemu inayotakiwa ni kikonyo, yaani bua linaloshika jani, na hapa jicho la mchaguaji lina kazi. Mimea inayoelea kwa nafasi kwenye maji mapana huwa na vikonyo vifupi, vilivyovimba na kujaa hewa, visivyosukika hata kidogo. Ile iliyobanana kwenye zulia nene karibu na ufuko hulazimika kurefuka ikigombea mwanga, na vikonyo vyake huweza kufikia nusu mita na zaidi. Hivyo virefu ndivyo vya kukata. Kuingia majini peku si busara, kwa kuwa konokono wanaoeneza kichocho hujificha katika magugu hayohayo. Mabuti marefu ya mpira yanahitajika, au walipwe wavuvi wenye mtumbwi wayakate na kuyaleta yakiwa yameondolewa mizizi. Mizizi na maua visibebwe kupelekwa nyumbani, maana mbegu za mmea huu hukaa miaka mingi bila kufa, na kipande kimoja kilicho hai kikitupwa bwawani huzaa zulia jingine.

Kwa kuwa asilimia 95 hivi ya magugu maji ni maji, kilo 10 za mabua mabichi hurudi nyumbani kama mzigo na kuishia nusu kilo. Majabali ya Mkolani, ambayo humtoa jasho na fedha kila anayechimba msingi wa nyumba, ni mahali pazuri pa kuanikia: mabua hutandazwa juu yake asubuhi, hugeuzwa mchana na kuondolewa kabla ya umande, hadi yawe na rangi ya kahawia hafifu, na yakipindwa yakunjike bila kukatika. Kisha huhifadhiwa ndani, mahali penye hewa, yakisubiri mwisho wa Novemba.

Aliyewahi kutengeneza ngata, ile pete ya majani au kitambaa inayowekwa kichwani chini ya ndoo, anaijua tayari nusu ya kazi inayofuata. Mabua hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa gunia bichi usiku kucha, la sivyo yatapasuka mkononi. Asubuhi hugawanywa mafungu matatu, kila moja likiwa na unene wa kidole gumba, ncha zake hufungwa pamoja kwa uzi wa katani, yaani nyuzi za mkonge, kisha hufungwa kwenye mguu wa meza ili msukaji apate kuvuta, kwa sababu msuko uliolegea ukiwa mbichi huzidi kulegea ukikauka. Fungu linapoanza kuwa jembamba, bua jipya huchomekwa katikati ya mengine, na kanuni isiyovunjwa ni kutounga mafungu mawili mahali pamoja, kwani hapo ndipo duara litakapokatikia. Msuko wa sentimita 130 hutoa duara lenye kipenyo cha sentimita 40 hivi, yaani upana wa ukingo hadi ukingo kupitia katikati, ambao unatosha meza ya kawaida. Ncha mbili hupishanishwa kidogo na kukazwa kwa waya mwembamba, ule ambao mafundi ujenzi hufungia nondo na kuuita bainding, na duara hukandamizwa chini ya sinia lenye jiwe juu yake hadi likauke kabisa, maana likiachwa huru hujipinda.

Katika mapambo ndipo pamba inapoingia. Vitumba, ambavyo ni matunda ya mpamba, vikipasuka huacha kikombe cha maganda magumu yenye ncha kali, na ndani yake pamba nyeupe imetokeza. Theluji imepata mbadala bila kutafutwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kilichoko Misungwi, ndicho kilichotoa aina za mbegu za pamba kama UK91 na UKM08. Kilimo hicho kina nidhamu yake, na mpambaji anapaswa kuiheshimu: mkulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia yote ya shamba ifikapo Septemba 15, ili wadudu waharibifu, hasa funza wekundu, wakose pa kujificha hadi msimu ujao. Mwenye kuhitaji vitumba avichukue mapema kwa idhini ya mwenye shamba, akague kimoja kimoja, avichome vyenye matundu, na vilivyobaki aviweke juu ya bati jeusi lililopata jua la siku kadhaa. Vitumba 15 hivi, vikifungwa kwa katani katika makundi ya viwili na vitatu badala ya kupangwa kwa nafasi zinazolingana, hutosha. Masuke ya mtama mwekundu au ya mpunga huongeza rangi, ila shada lenye masuke lisilale mezani usiku, kwa kuwa panya hawana Majilio.

Mishumaa ndiyo sehemu ya hatari, na haifai kuchomekwa kwenye msuko, kwa sababu mabua makavu na pamba hushika moto upesi. Bakuli la udongo lililojaa mchanga liwekwe katikati ya duara, na mishumaa yote minne isimikwe humo, ikiwa mbali na msuko kwa upana wa kiganja. Kwa desturi ya Wakatoliki mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, ambao huwashwa Dominika ya tatu, iitwayo Gaudete, yaani furahini. Dukani mara nyingi hupatikana mishumaa myeupe tu, na hakuna ubaya: utepe mfupi wa rangi hufungwa chini kabisa, karibu na mchanga, kwani mshumaa unaowashwa kwa dakika za sala peke yake haufiki huko katika wiki nne. Ikifika Desemba 24 mishumaa minne inapaswa kuwa na urefu tofauti, wa kwanza ukiwa mfupi kuliko yote, isipokuwa katika nyumba ambako umeme ulikatika na mmoja ukaazimwa jikoni.

Kipindi cha Noeli hukoma kwa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari. Msuko hufungwa katika gazeti na kutundikwa mahali pakavu, nao hutumika tena mwaka unaofuata ukibadilishiwa mapambo tu. Masuke hupewa kuku. Vitumba havihifadhiwi, huchomwa moto, kwa kuwa wakati huo pamba mpya iliyopandwa Novemba na Desemba imekwisha kuota mashambani, na ganda lenye funza aliyesalimika halitakiwi popote karibu nayo.