Old Stone Fort, Tennessee: Nani Alizijenga Kuta Hizi?

Anayefika Old Stone Fort akitarajia ngome ataondoka amenuna. Hakuna mnara, hakuna mizinga, hakuna ukuta wa kukuangukia kichwani kwa ukubwa kama ule wa Fort Jesus pale Mombasa. Kuna tuta refu lililoota nyasi na miti, mahali pengine linakufika kiunoni, mahali pengine linakupita kidogo kimo, na usipoambiwa utalipanda na kulishuka ukidhani ni kingo za barabara ya zamani. Watoto hukimbilia maporomoko ya maji, wakubwa huwasha moto wa nyama choma, na jioni watu hurudi Nashville au Murfreesboro wakisema pametulia, pana hewa nzuri, ila hayo magofu yenyewe hatukuyaona. Mliyaona. Mlipita juu yake, kwenda na kurudi.

Naandika haya kwa sababu familia nyingi zinazosema Kiswahili huku Tennessee ya kati, hasa za Wakongomani na Warundi waliofika miaka ya karibuni, hutafuta mahali pa kupeleka watoto Jumamosi bila kutumia pesa nyingi. Hapa panafaa. Ni hifadhi ya jimbo, maana yake inaendeshwa na serikali ya Tennessee na si ile ya Washington, na desturi ya hifadhi za Tennessee ni kutotoza kiingilio. Unacholipia ni kambi ukitaka kulala. Lakini ukienda bila kujua historia yake, utakuwa umeenda kuoga jua tu.

Hifadhi iko mji wa Manchester, pembeni ya barabara kuu ya I-24 inayotoka Nashville kwenda Chattanooga, mwendo wa saa moja na kitu. Mito miwili, Duck na Little Duck, inakaribiana hapo kabla ya kuungana, na katikati imeacha kipande cha ardhi kilichoinuka, kimezungukwa na magenge. Ni mahali ambapo nyanda za juu za Highland Rim zinakatika na kushukia bonde la Nashville, kwa hiyo maji nayo hayana budi kushuka. Yanashuka kwa hatua, mwamba baada ya mwamba. Maporomoko ya Blue Hole Falls na Big Falls yako upande wa mto Duck, na njia ya miguu inayafuata kwa karibu sana. Si marefu. Aliyewahi kusimama kwenye maporomoko ya Kalambo atayacheka, lakini baada ya mvua za masika ya huku, mwezi wa tatu na wa nne, kishindo chake utakisikia kabla hujayaona.

Wajenzi wa kale waliisoma ardhi hiyo vizuri. Pale genge lilipokuwa kali hawakujenga kitu, waliuacha mwamba ufanye kazi ya ukuta. Pale palipokuwa wazi ndipo walipojenga. Ukizijumlisha sehemu zote walizozijenga unapata kama kilomita moja na nusu ya ukuta, na eneo lililozungushiwa ni kiasi cha ekari 50. Ujenzi wenyewe haukuwa wa kurundika udongo ovyo. Walipanga safu mbili za mawe, ya ndani na ya nje, mawe yaliyookotwa hapo hapo magengeni na mitoni, kisha wakajaza kokoto na udongo katikati. Karne zimepita, udongo umeporomoka na kuyafunika mawe, ndiyo maana leo unaona tuta.

Nenda kwenye lango, upande wa kaskazini, usiwe na haraka. Kuna vilima viwili, kimoja kila upande, na nyuma yake kuta mbili zinazoambatana kufanya kama ushoroba, halafu ushoroba unapinda ghafla kabla ya kukuingiza uwanjani. Mtu wa vita akiuona mpindo huo atasema ni mtego wa adui. Hesabu za wanaakiolojia zinasema jambo jingine: ushoroba umeelekezwa kaskazini mashariki, pale pale jua linapochomozea siku iliyo ndefu kuliko zote mwakani, yaani karibu tarehe 21 Juni. Aliyeupanga alikuwa amelitazama jua mwaka baada ya mwaka kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Hoja ya ngome inazidi kudhoofika ukiingia ndani. Mwaka 1966, mwaka huo huo ambao jimbo lilinunua eneo hili, Charles Faulkner wa Chuo Kikuu cha Tennessee aliongoza uchimbaji. Mkaa uliopatikana kwenye kuta ulipimwa umri kwa njia ya kaboni, na majibu yakaangukia kati ya karne ya 1 na ya 5 baada ya Kristo. Yaani kazi ilifanywa kidogo kidogo kwa vizazi vingi, babu anaanza, kitukuu anaendeleza. Ila mabaki ya maisha ya kila siku yalikuwa haba mno. Watu wakikaa mahali huacha majivu, vigae, mifupa ya vitoweo, mashimo ya nguzo za nyumba. Humu vitu hivyo karibu havimo. Eneo kubwa hivyo, la karne kadhaa, na hakuna aliyepikia humo! Wataalamu wengi wamekubaliana kwamba palikuwa mahali pa ibada na mikusanyiko. Wajenzi waliishi kwingine, kwenye vijiji vya mabonde ya mito Duck na Elk. Jamii hizo zimepewa majina ya McFarland na Owl Hollow, majina yaliyotolewa na wanaakiolojia, kwa kuwa wenyewe hawakuacha maandishi. Walikuwa wawindaji na wakulima wa alizeti na maboga. Mahindi hayakuwa bado chakula chao kikuu.

Kwa hiyo jibu la swali la kichwa cha makala hii ni jepesi: walijenga wenyeji, Wahindi Wekundu kama tulivyowaita shuleni, wazee wa kale wa mataifa ya asili ya Marekani. Kinachonishughulisha mimi ni kwa nini jibu hilo lilichukua muda mrefu kukubalika.

Walowezi wazungu walipozikuta kuta hizi walimtafuta kila mtu isipokuwa mwenyeji. Wengine walisema ni Waviking. Wengine wakamtaja Hernando de Soto, Mhispania aliyepita kusini mwa Marekani na jeshi lake mwaka 1540. Wengine wakashikilia hadithi ya Madoc, mwana wa mfalme kutoka Wales anayesemekana alivuka bahari mwaka 1170. Hii ya Madoc haikuwa porojo ya vijiweni tu. John Sevier, gavana wa kwanza wa Tennessee, aliandika barua mwaka 1810 akidai kwamba Oconostota, mzee mkubwa wa Wacherokee, aliwahi kumwambia kuwa ngome za namna hii zilijengwa na watu weupe wa Wales.

De Soto aliangushwa na mti. Mwaka 1819 ulikatwa mti mkubwa uliokuwa umeota juu ya ukuta, wakahesabu pete za shina lake, zikawa zaidi ya 350. Fanya hesabu mwenyewe: mti ule ulichipua kabla Columbus hajang'oa nanga, na ukuta ulikuwa tayari upo chini yake. Ushahidi wa wazi, unaoweza kuguswa kwa kidole, na bado hadithi za wageni ziliendelea kupendwa kwa miaka mingi.

Zilipendwa kwa sababu zilikuwa na kazi. Mwezi wa tano mwaka 1830 Rais Andrew Jackson, ambaye shamba lake la Hermitage liko hapa hapa nje ya Nashville, alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji kwenda magharibi ya mto Mississippi. Desemba ya mwaka huo, katika hotuba yake kwa Bunge, alizitaja kazi za kale za udongo na mawe kuwa kumbukumbu ya taifa lililokuwa na nguvu, likafutwa likawapisha makabila yaliyopo sasa. Ona ujanja wake: kama hawa waliopo leo nao ni wavamizi waliowaua wenye mji, basi kuwafukuza si dhuluma, ni zamu yao imefika. Mwaka 1838 Wacherokee waliswagwa na askari, maelfu wakafa katika safari hiyo, na misafara mingi ilipita Murfreesboro na Nashville, barabara tunazopita sisi kwenda kazini. Taasisi ya Smithsonian ilikuja kuizika nadharia ya taifa lililopotea mwaka 1894, kwa ripoti nene ya Cyrus Thomas. Wakati huo ardhi ilikwishagawanywa.

Mswahili hahitaji kuelezewa sana hapa. Mwaka 1871 msafiri Mzungu, Karl Mauch, aliona kuta za Great Zimbabwe na mawazo yake yakakimbilia kwa Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba ni kazi ya Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929, na bado serikali ya walowezi wa Rhodesia ilikuwa ikikwepa kulisema waziwazi katika miaka ya 1970. Pwani yetu nayo, miji ya mawe iliandikwa kwa muda mrefu kama makoloni ya wageni kutoka ng'ambo. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya zamani zaidi, na chini kabisa wa miti, wa karne ya 8, katikati ya kijiji cha nyumba za miti na udongo. Wageni walikuja, walioa, waliacha damu na dini. Mji ulianzia kwa wenyeji. Nikiwapitisha watu Old Stone Fort huwaeleza habari ya Shanga papo hapo kwenye ukuta, na wanaelewa haraka kuliko kibao chochote cha maelezo.

Kuna magofu mengine ya kukuchanganya. Nguvu ya maji haya ilitamaniwa na wenye viwanda. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani palikuwa na kinu cha baruti cha upande wa Kusini, kikaangamizwa na askari wapanda farasi wa Kaskazini mwaka 1863, na baadaye katika karne hiyo ya 19 kikajengwa kiwanda cha karatasi kando ya maporomoko. Misingi ya mawe ya kiwanda ingali ipo, imesimama vizuri, imeota kuvu, na mgeni asiyejua huipiga picha akidhani ndiyo ya kale. Vivyo hivyo bonde liitwalo Moat, kusini mwa ukuta: watu wa zamani walidhani ni handaki la vita lililochimbwa na binadamu. Ni njia ya zamani ya mto.

Njia ya kuzunguka ukuta ni kama kilomita mbili, hata bibi mwenye fimbo anaimaliza akipewa muda, mradi asishuke kwenye mawe ya mtoni, maana yanateleza vibaya. Njia nyingine zinashuka mpaka mito inapokutana. Vaa suruali ndefu kiangazi: kupe ni wengi, na poison ivy, mmea wa majani matatu, utakuwasha wiki nzima. Usiokote jiwe wala kigae ukaondoka nacho, ni kosa kisheria. Kuni pia usitoke nazo nyumbani. Hifadhi zinakubali zile zilizokaushwa kwa joto na kupigwa muhuri au matawi makavu yaliyoanguka humo, kwa kuogopa wadudu wanaoua miti.

Nafasi ya hema unaweka mtandaoni kabla. Ukitaka kuwa hapo jua linapoingia langoni mwezi Juni, uliza ofisi ya hifadhi mapema kuhusu saa za kufungua, kwa sababu mchomozo ni alfajiri na geti la wageni wa mchana huenda halijafunguliwa. Tena angalia kalenda ya tamasha la Bonnaroo, linalofanyika Manchester hiyo hiyo mwezi huo huo. Likiangukia wikiendi yako, foleni ya I-24 peke yake inatosha kukumalizia siku, na hoteli usiulize bei.