Barua zisizofika: nyaraka za meli zilizotekwa

Ndugu zangu, tukizungumzia historia aghalabu tunawategemea wakubwa: wafalme, magavana, makamanda. Sasa mama wa baharia, tena asiyejua kuandika, tutamsikia wapi? Jibu moja liko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Zamani kuteka meli ya adui vitani ilikuwa biashara halali. Ila mtekaji hakuruhusiwa kugawana ngawira hivi hivi tu. Ilibidi kwanza mahakama ya bahari iridhike kwamba meli na shehena ni mali ya adui kweli. Kwa hiyo karatasi zilizokutwa melini zilichukuliwa kuwa ushahidi, hata barua za watu. Kesi zikaisha, karatasi zikabaki: nyaraka za meli kama 35,000, za kati ya 1652 na 1815, na ndani yake barua 160,000 hivi zisizowafikia wenyewe. Tangu 2018 Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, kikishirikiana na Kew, kinaziweka kwenye intaneti.

Chukua mfano wa Galatée, manowari ya Kifaransa iliyotekwa 1758. Barua za jamaa za mabaharia zilikuwa zikiifukuzia bandari hadi bandari. Posta ya Ufaransa iliposikia imetekwa, ikazipeleka Uingereza. Maofisa wakafungua mbili, wakaona ni mambo ya nyumbani tu, wakazitia ghalani. Mwanahistoria Renaud Morieux wa Cambridge ndiye aliyezifungua, akachapisha utafiti wake 2023. Ni barua 104, na zaidi ya nusu zimetiwa saini na wanawake. Mama mmoja wa miaka 61 anamlalamikia mwanawe: mchumba anaandikiwa, yeye mzazi kasahauliwa! Jamani, si kama mama zetu? Marie Dubosc naye alimwandikia mumewe kwa mapenzi. Mwaka uliofuata akafariki, na barua haikufika.

Hapa pana funzo kwetu watu wa pwani. Karatasi hizi hazikuokolewa na huruma, ziliokolewa na sheria iliyodai ushahidi. Karne ya 19 manowari za Kiingereza ziliteka majahazi mengi kwenye bahari yetu kwa tuhuma za kubeba watumwa, na mengi yalichomwa moto huko huko. Jahazi likishaungua, kinachobaki mara nyingi ni maelezo ya aliyeliteka. Basi tukisoma nyaraka za aina hii tujiulize kwanza: nani alizitunza, na alizihitaji kwa nini?